Vyungu Vinne vya Bibi Odeta wa Kiseke

Wasikilizaji wapendwa, leo naanza na uvumi. Sianzi na tarehe ya kuzaliwa, maana marehemu mwenyewe, kila aliposimulia maisha yake, alianzia hapo.

Uvumi ulikuwa huu. Makarani wa boma watapita nyumba kwa nyumba wakiwa na fimbo zenye alama. Fimbo itaingizwa ndani ya kihenge, lile ghala letu la fito na udongo. Chakula kitakachozidi alama kitachukuliwa, kipelekwe kwa askari walioko vitani. Aliusikia njiani kwa mwanamke muuza dagaa, mwezi wa tisa, mwaka 1943. Muuza dagaa naye aliusikia Kigongo, kwa watu waliovuka kutoka Busisi. Hao wa Busisi waliusikia wapi, hakuna ajuaye. Boma halikutangaza kitu. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, hakuitisha mkutano. Lakini uvumi ukiingia kwa mama mwenye watoto watatu, mume hayupo, hautoki kwa kufagia.

Jina la marehemu ni Odeta binti Shimba. Ametutoka Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake Kiseke. Narudia kwa ajili ya ndugu walio mbali: Bibi Odeta binti Shimba, wa Kiseke, ametutoka Ijumaa iliyopita. Alikuwa peke yake ndani. Mlango ulikuwa wazi.

Alizaliwa Busisi, ng'ambo ya maji, mwaka ambao Waingereza waliingia Mwanza. Alisoma kwa masista miaka miwili. Akajua kusoma, kuandika jina lake na kushona. Kisha akaolewa Kiseke na Maige mwana wa Ndalahwa. Alivuka kwa mtumbwi, kapu la vyombo magotini. Aliniambia kwamba alipogeuka kutazama nyuma hakuona mtu ufukoni. Waliomsindikiza walikuwa wamekwenda kuwahi palizi.

"Sikulia," alisema. "Nilitazama kama vyungu vyangu havijapasuka."

Mama yake alimfundisha kazi nyingi, lakini moja kuliko zote: kukifanya chakula kifike. Cha mavuno haya kifike mavuno yale. Viazi vitamu alivikata vibichi, vyembamba, akavianika juu ya mwamba mpaka vikigongana vinalia. Hiyo ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza, ndipo akavikata na kuvianika. Hayo ndiyo matobolwa, na mtoto huyatafuna kama sukari guru. Majani ya kunde aliyachemsha na kuyakausha yakawa nsansa, mboga ya kiangazi. Choroko alizichanganya na majivu ili wadudu wasizitoboe. Dagaa aliwaanika mchana, jioni akawaingiza ndani kabla ya umande. Unga alipima kwa kibuyu kimoja siku zote, akausawazisha kwa kiganja. Hakurundika.

Majirani walimtania. Alikuwapo Justa, nyumba ya pili, mbele ya ua wa minyaa. Justa alikuwa na mdomo.

"Odeta akikualika chakula, mayu," alisema Justa, na mayu kwa Kisukuma ni mama, "basi kula kwako kwanza ndipo uende."

Wanawake wakacheka. Odeta naye akacheka. Huo ulikuwa wakati wa kucheka.

Mwaka 1941 Maige aliandikishwa jeshini. Zilikuja barua mbili, ya tatu haikuja. Wanaume wengi wa pale hawakuwapo. Wengine jeshini, wengine kwenye mashamba ya mkonge huko mbali. Basi wanawake wakafanya kama wanaume walivyofanya kwenye shikome, pale uani kwenye moto wa jioni. Kila nyumba ilitoa chungu chake. Vyungu vyote vikapelekwa uani kwa Justa. Watoto wakala huku, mama zao wakala huku. Aliyekuwa na kidogo alileta kidogo.

Na asubuhi, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyewasha moto kwa kiberiti. Kiberiti kilikuwa cha dukani. Ulitazama moshi unatokea nyumba gani, ukachukua kigae, ukaenda. "Mwangaluka, mayu." Ukaitikiwa. Ukapewa kaa la moto, na pamoja na kaa ukapewa habari: nani kaumwa, nani kajifungua, nani kapata barua. Moto ulikuwa ndiyo redio yetu.

Mwaka 1943 mvua ilikatika mapema. Mtama ulikauka ukiwa mchanga. Viazi vilipatikana, lakini haba. Ndipo uvumi wa fimbo ukafika.

Odeta alikaa nao siku tatu. Siku ya nne alichimba chini ya kitanda. Akafukia vyungu vinne, midomo yake juu kidogo ya udongo, imefunikwa kwa vigae na kufungwa kwa vitambaa, juu yake mkeka. Nirudie, maana habari yote iko hapo. Vyungu vinne. Kimoja michembe. Kimoja nsansa. Kimoja choroko. Kimoja karanga. Karanga zenye maganda zingetaka kihenge kizima, kwa hiyo alizibangua zote ili zienee kwenye chungu kimoja. Kihenge chake cha nje alikiacha kitupu na mlango wake wazi, kila apitaye aone.

Kisha akawafundisha watoto. Mkubwa alikuwa Wilhelmina, miaka tisa. Wa pili Milembe, miaka mitano. Mdogo, Ndalahwa, jina la babu yake, alikuwa bado mgongoni. Wilhelmina sasa ni bibi mwenye wajukuu, na nilikwenda kumwona juzi. Alinisimulia hivi:

"Mama alituketisha. Akasema, mkiulizwa mna nini, mtasema nini? Nikasema, tuna michembe. Akanifinya hapa kwenye mkono. Akasema, utasema kwetu hakuna kitu. Akauliza tena. Nikasema kwetu hakuna kitu. Akamuuliza Milembe. Milembe akacheka, akadhani mchezo. Akafinywa naye. Akasema kwetu hakuna kitu, huku analia. Mama akasema, hivyo hivyo, na sauti hiyo hiyo."

Hapo ndipo upweke ulipoanza. Odeta aliacha kupeleka chungu chake uani kwa Justa. Alipika mara moja kwa siku, mchana, watu wakiwa shamba. Alipikia vijiti vikavu sana visivyotoa moshi. Mtu akija na kigae asubuhi alimkuta jikoni pamepoa.

"Nyumba yako siku hizi haivuti hata tumbaku," alisema Justa, amesimama nje na kigae chake.

"Nitapika nini, mayu?"

"Kwani hata nsansa hujabakiza?"

Kabla Odeta hajajibu, Milembe alitokea mlangoni. "Kwetu hakuna kitu," alisema, kwa sauti ile aliyofundishwa.

Justa akaenda zake. Kesho yake alileta uji. Bakuli la udongo, uji mwepesi wa mtama, wa watoto wa Odeta. Na kesho kutwa akaleta tena. Justa mwenyewe alikuwa na watoto wanne na mama mkwe. Odeta alipokea lile bakuli kwa mikono miwili. Alisema wabeja, asante. Watoto wakanywa. Chungu cha michembe kikabaki kilivyo siku ile.

"Nilikuwa nimeokoa mlo mmoja," aliniambia. "Nilifurahi, mama. Usidhani sikufurahi."

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa akina mama.

Mara mbili kwa wiki Odeta alitembea mpaka Mwanza mjini. Nyuma ya duka la Bwana Kishore palikuwa na ua, na mwenye ua ule alikuwa mke wake, Gangaben. Odeta alikaa pale kwenye mkeka akichagua mawe kwenye mchele na kupepeta dengu. Alirudi na chumvi kidogo na chenga za mchele. Gangaben alikuwa mama mkali kwa uchafu, lakini alimwita kwa jina na alimpa chai.

Siku moja Gangaben alikaa naye mkekani akiwa na kopo la mafuta. Mbele yake palikuwa na lundo la mbaazi zilizobanguliwa. Akachovya kiganja kwenye mafuta, akazisugua mbaazi mpaka zikang'aa, akazitia kwenye pipa la bati.

"Hii sasa mwaka mzima hapana dudu," alisema Gangaben, akapigapiga pipa. "Mama yangu iko fanya hivi. Bibi yangu iko fanya hivi."

Odeta alinusa. Akayajua mafuta yale. Yalikuwa mafuta ya nyonyo, ya mti ule ule uliojiotea nyuma ya nyumba yake Kiseke. Sisi tulijipaka mwilini na tulilainishia ngozi. Hakujua kwamba yanalinda nafaka.

Alitaka kuuliza. Yanatiwa kiasi gani? Huoshwa vipi siku ya kupika? Swali lilifika mdomoni. Lakini anayeuliza namna ya kulinda karanga ana karanga. Na uani palikuwa na watu wengine, wapishi na wafua nguo. Akalimeza swali lake pamoja na chai.

Huko nyumbani karanga zilikuwa zimeanza kutobolewa. Zilikuwa zimebanguliwa, na karanga iliyobanguliwa mdudu haipigii hodi. Majivu hayakutosha, kwa kuwa moto ulikuwa mchache. Odeta akaenda nyuma ya nyumba akachuma nyonyo.

Mafuta ya nyonyo yalitengenezwaje? Alijua vizuri, kwao walitengeneza. Unakaanga mbegu, unatwanga, unachemsha na maji muda mrefu, unaengua mafuta yanayopanda juu. Lakini kazi hiyo ina moshi wa nusu siku. Ina harufu. Nyumba ikichemsha nyonyo, wanawake wa nyumba tatu huja na vibuyu vyao kuomba tone la kujipaka. Huo ni utaratibu wa zamani. Wangeingia, wangekaa, wangetandaza miguu kwenye mkeka ule.

Kwa hiyo hakukaanga. Hakuchemsha. Alizitwanga mbegu mbichi, akapata uji mzito wenye mafuta, akausugua kwenye karanga kama alivyomwona Gangaben anasugua. Zikang'aa. Akafunga chungu.

Alijua nyonyo mbichi inaendesha tumbo. Alikusudia kuziosha karanga zile na kuzikaanga siku ya kuliwa. Hakuwaambia watoto. Angewaambiaje kwamba kuna hatari kwenye chungu, nao wamefundishwa kwamba chungu hakipo?

Ikapita wiki moja. Mwezi ulikuwa wa kumi na moja. Mvua ilikuwa inatishia tu. Odeta alikwenda mjini, Ndalahwa mgongoni, akawaacha wasichana wawili. Siku hiyo Justa hakuleta uji. Unga wake ulikuwa umekwisha.

Bibi Wilhelmina aliniambia habari hii akiangalia chini, akivunjavunja kijiti.

"Milembe alilia njaa tangu asubuhi. Nilimwimbia, akalia. Nikamwambia mama anarudi, akalia. Basi nikainua mkeka. Michembe ilifungwa sana, karanga haikufungwa sana. Nikampa konzi moja. Nikampa ya pili. Mimi nilitia mdomoni nikatema, sikupenda ule utelezi. Yeye alikula zote, kisha akalala vizuri, amekunja mikono. Nikafunga kitambaa kama mama alivyofunga. Nilikuwa najua kukifunga."

Jioni Milembe alitapika. Akaendesha. Mama yake alirudi akamkuta amejikunja. Akauliza, "Amekula nini?"

Na Wilhelmina, miaka tisa, alijibu kama alivyofundishwa. Alisema, "Hajala kitu."

Asubuhi mtoto alikuwa hawezi kuketi. Macho yameingia ndani. Kinyesi kina damu. Mama yeyote anayenisikiliza anajua hapo hufanywa nini. Unatoka nje unapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuita watu, na watu wanakuja hata kama mmenuniana. Odeta alitoka mpaka mlangoni. Akavuta pumzi.

Kisha akageuka akatazama chini ya kitanda.

Watu wakija wataingia. Wataketi sakafuni. Basi alimwondoa Milembe kitandani, akamlaza kwenye ngozi karibu na mlango. Akafukua chungu cha kwanza. Akakibeba mpaka kwenye miamba nyuma ya nyumba, akakisukuma kwenye ufa, akafunika na matawi. Akarudi. Chungu cha pili. Akarudi. Cha tatu. Cha nne. Kisha akafukia mashimo na kumwagia maji sakafu ili ikae sawa. Safari nne. Jua lilikuwa limesimama juu alipopiga mwano.

"Kila nilipopita mlangoni aliniangalia," aliniambia Odeta. "Hakuniita. Aliniangalia tu napita na chungu."

Justa ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuja mbio, unga wa watu mikononi, maana alikuwa amekwenda kumtwangia mtu ili apate cha kupika. Hakuuliza mambo ya moto wala ya vyungu. Alichukua kitenge chake, wakatengeneza machela kwa fito mbili, wanawake wanne wakabeba. Wilhelmina akafuata nyuma na Ndalahwa.

Zahanatini dresa, yule mganga wa kutoa dawa na kufunga vidonda, alimfunua mtoto macho. Akambonyeza tumbo. Akauliza, "Mama, mtoto amekula nini?"

Pembeni ya dresa palikuwa na meza, na mezani ameketi karani, kalamu mkononi. Alikuwa karani wa kuandika majina ya wagonjwa. Hakuwa na fimbo. Lakini Odeta aliiona kalamu ile, na uvumi wote ukamrudia.

"Hajala kitu, bwana," alisema. "Kwetu hakuna kitu."

Dresa akamgeukia Wilhelmina. "Wewe, dada mtu. Amekula nini?"

"Kwetu hakuna kitu."

"Hakuna hata mzizi? Hata tunda la porini?"

Hapo Justa akaingilia. Alikuwa amechoka, ana jasho, na alikuwa na huruma. "Ni kweli wanavyosema, bwana dresa," alisema. "Ndani mwao hamna. Mimi ndiye ninayewapa uji."

Dresa akaandika njaa. Akatoa dawa ya kuhara, na maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Alifanya kazi yake kwa habari aliyopewa.

Alasiri ile mtoto alitapika tena. Odeta ndiye aliyeshika beseni. Mle ndani aliona vipande vyeupe vya karanga. Akavijua. Akajua ni karanga zipi. Alimtazama Wilhelmina, na Wilhelmina akatazama ukuta. Alitazama meza, karani bado yupo. Akalimwaga lile beseni nje, akalisuuza, akalirudisha.

Ukweli aliusema kesho yake asubuhi. Alimfuata dresa, akapiga magoti, akasema yote: nyonyo, karanga, chungu. Dresa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama, ungeniambia jana."

Milembe binti Maige alifariki asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa na miaka mitano.

Nimemuuliza daktari mmoja wa siku hizi, kama habari ingesemwa siku ya kwanza, mtoto angepona? Alisema sumu ya nyonyo haina dawa yake, ila mapema huwa afadhali kuliko baadaye. Alisema hawezi kuapa. Bibi Odeta naye hakuweza kuapa. Aliishi na swali hilo, na swali lisilo na jibu halizeeki.

Msibani watu walikuja. Mwaka wa njaa, lakini walikuja. Huyu kaleta mboga ya mlenda, huyu kaleta dagaa kiganja kimoja. Odeta aliwaona wanavyofungua vifundo vyao vidogo. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye miamba. Akarudi na chungu cha michembe. Akarudi tena na cha choroko. Tena na cha nsansa. Akaviweka katikati ya wanawake. Karanga alikuwa amezichoma moto.

Justa alitia mkono kwenye chungu, akatoa kipande cha michembe, akakigeuza.

"Ulikuwa na hivi vyote," alisema, "na mimi nakuletea uji."

Odeta alisema, "Ndiyo."

"Wanangu walikuwa wanalala nusu shibe, mayu."

"Ndiyo."

Justa alikirudisha kile kipande. Kisha akafunga kitenge chake vizuri, akasogeza mafiga, akaanza kupika michembe ya msiba. Ilibidi watu wale.

Makarani wa fimbo hawakuja. Hawakuja mwaka ule, wala mwaka uliofuata, wala kamwe. Narudia, hakuna aliyekuja kupima kihenge cha mtu Kiseke.

Odeta aliporudi kwa Gangaben, wiki kadhaa baadaye, alimsimulia. Gangaben aliacha alichokuwa akifanya. Naye alikuwa amezika mtoto, huko alikotoka.

"Sasa kwa nini wewe hapana uliza?" alisema. "Mafuta tu. Ya kuchemsha. Halafu siku ya kupika, maji moto mara mbili. Hii si siri. Mimi iko hapa, wewe iko hapa."

Walikuwa kweli pale wote wawili, mkeka mmoja.

Maige alirudi kutoka vitani mwaka 1946. Aliuliza mara moja. Aliambiwa yote. Hakumpiga, hakumfukuza, na hakuuliza tena. Alianza kula jioni kwa majirani. Walikaa nyumba moja miaka mingi, naye akila kwa watu. Majirani hawakumtenga Odeta, wasikilizaji wapendwa, nataka hilo lieleweke. Justa alimletea kaa la moto mpaka uzee wake. Ni Odeta aliyeshindwa kukaa nao. Alisema kila mtoto aliyelia uani alimsikia kwa sauti moja, ya Milembe.

Mimi nilimjua nilipohamia Kiseke nikiwa na watoto wadogo. Unga ulikuwa wa shida, na mimi nilikuwa nimetia kufuli kwenye kabati la chakula. Alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliketi, akaona kufuli. Hakuligusa.

"Ufunguo unakaa wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha, shingoni.

"Na watoto wanajua ndani kuna nini?"

Nikasema hawajui. Ndipo akanisimulia niliyowasimulia. Mchana mzima. Alipomaliza aliomba maji, akanywa, akaenda zake. Lile kufuli sikulifunga tena. Bado naogopa. Unga ukipungua nahisi mkono unatafuta ufunguo. Ndiyo sababu nasema nanyi leo.

Kwa Bibi Wilhelmina, kwa Mzee Ndalahwa, kwa wajukuu na kwa ukoo wa Busisi, tunawapa pole. Pole sana. Bibi Wilhelmina, uliniuliza kama ulikosa. Ulikuwa na miaka tisa, ulimpa mdogo wako chakula. Nimekujibu nyumbani, nakujibu na hapa mbele ya watu: hukukosa.

Nanyi mnaosikiliza, leo kabla hamjala, kila mmoja afikiri nani mtaani kwake hajamwona na moto siku mbili.

Bibi Odeta aliniachia mambo ya kuepuka. Nayasoma kama alivyoyasema.

Usibangue karanga kabla ya siku ya kuzitumia.

Usianike dagaa wakalala nje.

Usichanganye unga wa zamani na mpya.

Usipake nafaka kitu usichokijua mwisho wake.

Usijifunze kwa kuchungulia. Uliza.

Usiweke mbegu yenye dawa pamoja na chakula, hata kwa siku moja.

Usipunguze chakula cha mtoto ukaacha chungu kimejaa.

Usipokee uji wa jirani huku umeficha wako.

Usimfundishe mtoto kukana chakula.

Ukiulizwa mtoto amekula nini, usitazame nani amekaa hapo. Sema.